Hodi Mbili Ulizotuachia

…na ni kweli alirudi, Mwalimu, kama ulivyosema atarudi. Pale wodini ulinishika mkono ukasema, "Yule kijana wa samaki hakutazami kama mtu anayeuza samaki," nikacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, halafu nesi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Maneno yetu yalikatika hapo. Nayashika palepale, maana sina mwingine wa kumwambia mambo namna hii.

Nina mume! Nimeliandika neno hilo, nimelitazama, na ningeweza kujaza ukurasa mzima kwa neno hilo peke yake kama mtoto aliyepewa adhabu, ila adhabu hii ningeiomba. Tulisubiri msiba wako upoe kwanza. Kisha watu wa kwao wakaleta ng'ombe wazuri, wajomba zangu wakajifanya hawajaridhika mpaka jioni, kama kawaida yao, na Masunga aliponivisha pete aliidondosha mara mbili, yeye anayebeba tenga la sangara begani bila kuguna. Kila siku anatoka Lamadi na pikipiki yake, anauza sokoni Bariadi, na kila siku anabakiza sato mmoja mkubwa ambaye hamuuzi kwa bei yoyote. Wateja wakimuuliza, anajibu, "Huyu ni wa mwalimu wangu." Ananuka petroli na ziwa, Mwalimu, na mimi harufu hiyo naipenda kuliko marashi yote. Akiwa anaoga anaimba vibaya. Nakaa nje ya bafu namsikiliza.

Nimesahau hata kukusalimu. Shikamoo. Usiitikie, tafadhali. Nitaeleza kwa nini.

Nikukumbushe kwanza, maana sijui huko uliko mtu anabaki na nini. Ijumaa ile, ya mwisho kwako, ulikuwa na Darasa la Nne, na mimi nilikaa nyuma kwenye dawati la pembeni kama nilivyokaa tangu nilipokuja kujitolea, na cheti changu cha kidato cha nne na woga wangu wote. Uliwaambia wafunge madirisha. Wazee wa kijiji walikulalamikia zamani kwamba hadithi haisimuliwi mchana, ng'ombe watapotea njia, nawe badala ya kubishana nao ukaamua kutengeneza usiku wako mwenyewe. Mbao za madirisha zikafungwa, matundu ya misumari kwenye bati yakawa nyota, na watoto wakakaa kimya humo gizani huku nje jua la saa sita linachoma. Waliuita usiku wa shule. Mara ya kwanza kuuona nilisisimka mikono yote.

Ulinifundisha kwamba mtoto haanzi kwa kutunga, anaanza kwa kuazima. Asikie hadithi nzuri. Aisimulie kwa mdomo wake. Aifupishe mpaka iwe sentensi moja, airefushe mpaka tusikie mvua inavyodondoka, aianze mwishoni arudi mwanzoni, halafu abadili mdomo, yaani aisimulie kama mtu mwingine au kitu kingine kilichomo ndani yake. Na kila hatua imjibu nani, nini, wapi, lini, vipi, kwa nini. Kalamu ndiyo ya mwisho kuingia darasani, ulisema. Ulisema njia hiyo ni ya kale, watoto wa Wagiriki na Warumi walifundishwa hivyo, na bibi yako wa Bukundi aliijua bila kumsikia Mgiriki yeyote.

Ijumaa hiyo ulisimulia ya bibi harusi. Mume wake mpya anakwenda mbugani kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Jua linazama. Binti yuko peke yake katika nyumba yenye milango miwili. Anasikia hodi mlango wa mbele, sauti ya mume wake: "Nifungulie, mke wangu, nimerudi." Anainuka. Kabla hajafika anasikia hodi mlango wa uani, sauti ileile: "Nifungulie, mke wangu, nimerudi."

Kengele ikalia.

Watoto walipiga kelele, unakumbuka? Ukacheka kile kicheko chako cha kukohoa vumbi la chaki, ukasema, "Jumatatu mtaniambia wenyewe alifungua upi." Usiku ule kifua kikakubana. Jumamosi tukazungumza habari za Masunga, wewe umelala na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda. Jumapili hukuwepo.

Sikukuuliza mwisho wa hadithi. Nani angeuliza kitu kama hicho?

Tuliporudi kutoka kukuzika Bukundi, Mwalimu Mkuu akanikabidhi darasa. Nilikuwa bado na vumbi la safari kwenye viatu. Nilipofika mlangoni nikakuta madirisha yamefungwa. Hakuna aliyewaamuru. Nikasikia sauti zao ndani, mmoja mmoja, wanafupisha: kila mtoto sentensi yake, hadithi inasogea kutoka dawati hadi dawati, vizuri kabisa, kama ulivyowafundisha. Ikafika kwenye hodi ya pili. Hapo wote wakanyamaza kwa pamoja. Nilisimama nje juani nikisubiri mtu avute pumzi, na hakuna aliyevuta. Nikasukuma mlango.

Sayi, binti wa Mzee Mboje, yule mwembamba mwenye macho makubwa uliyesema siku moja ataandika vitabu, akaniambia bila kunitazama, "Tunamsubiri amalizie."

Nilifanya kama mtu mzima anavyofanya, nikafungua madirisha na kuanza jambo jingine. Nikawapa hadithi ya sungura. Waliisimulia kama wanaosoma tangazo. Nikawapa insha, "Siku ya Mnada." Waliandika vizuri: mbuzi, vumbi, mtu aliyeuziwa redio mbovu. Halafu mwishoni, Mwalimu, watoto waliokaa mbali mbali: "Jioni tukarudi nyumbani. Nikasikia hodi mbele. Nikasikia hodi nyuma." Nikawapa kilimo cha pamba, nikidhani pamba haina mahali pa kupitishia mambo hayo. Wakapanda, wakapalilia, wakavuna, wakapeleka Maswa kiwandani kuchambua. Jioni wakarudi nyumbani. Hodi mbele. Hodi nyuma.

Niliyasahihisha madaftari hayo mezani kwangu, mchana kweupe, huku nimegeuza kiti ili mgongo uwe ukutani.

Nikampigia simu dada yako Bukundi. Baada ya pole na salamu nikamuuliza hadithi ile inaishaje. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi na huyu Minza, mwalimu wako, tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote. Mama yetu hakuwa na hadithi hiyo. Bibi hakuwa nayo. Aliipata wapi?" Ndiyo, aliniuliza mimi.

Mvua zikaanza. Ndoa yetu ikafungwa katikati ya hayo yote, na nakuapia nilisahau kila kitu kwa siku kadhaa, nilikuwa natembea kama sikanyagi chini. Nyumba tuliyopanga ni ndogo, safi, ina sakafu ya saruji. Ilibidi nihamie ndipo nione. Ina mlango wa mbele, na ina mlango wa uani.

Jioni ya kwanza ya kumpikia mume wangu nikiwa peke yangu na sufuria zangu mpya, nikasikia pikipiki inazimwa, nikasikia hodi, sauti yake tamu kabisa: "Nifungulie, mke wangu." Nikakimbia. Nikashika komeo. Mkono ukagoma. Nikajikuta nimeelekeza sikio nyuma, kwenye mlango wa pili, nikisubiri. "Limi," akasema, "samaki wanaoza, mama! Tutaachana kabla hatujala?" Hata hapo sikufungua, mpaka harufu ya petroli ilipopenya chini ya mlango. Akaniuliza nini kimenipata. Nikamkumbatia pale pale na tenga lake. Sikumwambia chochote.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa kijiji kizima. Watoto wa Darasa la Nne hawafungui milango. Mama karudi kisimani na ndoo kichwani, anaita mpaka anakauka koo. Wengine walikuwa wanasimama katikati ya nyumba wanageuza shingo, mbele, nyuma, mbele. Na Mzee Mboje, ambaye mke wake alikuwa amekwenda kwao kuuguza, alirudi kutoka machungani mvua kubwa inanyesha, akapiga hodi kwake mwenyewe, na Sayi akiwa ndani hakufungua. Mzee alilala zizini na ng'ombe.

Kesho yake alifika shuleni na blanketi lake bado limelowa, nyuma yake wazazi wengine. Hakutoa salamu, hata mwadila tu. "Huyu marehemu wenu alifungua kitu mchana," akamwambia Mwalimu Mkuu, "kakiacha wazi, kaenda zake. Mimi nimenyeshewa kama mwizi mlangoni pangu!" Mama mmoja akadakia nyuma, "Afadhali wewe una zizi, mimi nililala kwa jirani mwenye chawa." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akanigeukia. "Mayu, mama, wewe ndiye umerithi. Ifunge. Wiki hii isipofungwa namchukua Sayi akachunge. Ng'ombe hawasimulii hadithi." Na wale wa nyuma yake wakaitikia kwamba na wao watafanya hivyo hivyo.

Mwalimu Mkuu, unamjua, mtu wa Mtwara, hana habari na mambo yetu, akakuna kichwa. "Mwalimu Limi, hiyo hadithi imo kwenye andalio la somo?" Nikasema imo, kwenye insha za masimulizi. "Basi imalize kama andalio linavyosema." Nilimpenda kwa hilo. Lakini aliponivuta pembeni alisema wazi: watoto wakiondoka, waliobaki watachanganywa na Darasa la Tano, na mimi wa kujitolea sitakuwa na kazi pale. Kazi ningevumilia. Lakini nilimwona Sayi amesimama kwenye nguzo ya barazani anasikiliza, vidole vyake vinasogea kwenye paja kama anaandika. Nikajua akienda machungani hatarudi.

Mwisho ningeweza kuubuni. Masunga, nilipomwambia yote hatimaye, alisema hivyo hivyo: "Waambie alikuwa paka." Nilicheka mpaka nikalia. Lakini watoto wako wangejua. Umewafundisha vibaya mno, Mwalimu, wanausikia uongo kwenye sentensi kama bibi anavyosikia mchanga kwenye ugali. Kwa hiyo nikatumia kitu pekee nilichonacho, njia yako. Tulikuwa tumesimulia, tumefupisha, tumerefusha. Kuanza mwishoni haikuwezekana, mwisho hatukuwa nao. Ilibaki kubadili mdomo.

Alhamisi saa sita nikawaambia wafunge madirisha. Nikasimama mlangoni, mkono kwenye komeo.

Mayunga alianza, akawa ng'ombe aliyepotea. Akasema, "Mimi sikupotea, niliitwa kwa jina langu." Nani alimfundisha sentensi kama hiyo? Mwingine akawa moto wa jikoni, akaona kivuli cha binti kwenye ukuta tu. Mwingine akawa mlango wa mbele, akasema aliyenigonga ana mkono wenye joto. Mwingine akawa mlango wa uani. Akasema, "Mimi sijagongwa. Mimi nimesikia tu." Darasa likapoa, na sisemi kwa mafumbo. Tulikuwa chini ya bati la saa sita, na nilihisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu.

Sayi akasema, "Naomba niwe yule wa nyuma."

Nilitaka kukataa. Akaanza. "Mimi nimesimama uani. Sina miguu ya kuniuma. Huyu mwanamume alizunguka mbugani kutwa nzima anaita, na sauti yake ikaenda mbali kuliko yeye, nikaiokota. Ni sauti nzuri. Inajua jina la ng'ombe, inajua jina la mke. Nikiwa nayo watu huwa wananifungulia." Hapo akakwama. Alikuwa amefika mahali pale pale pa ile Ijumaa.

Na mtu akaendelea.

Naandika polepole ili nisiongeze kitu. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya chini, haikutoka mbele wala nyuma. Ikasema binti hakufungua mlango wowote. Alikaa chini katikati ya nyumba, akasema, nisimulieni siku yenu, nyote wawili. Nani ametoka hapa asubuhi? Wakajibu wote kwa sauti moja. Alikwenda kutafuta nini? Wakajibu. Wapi, lini, alipitaje mtoni? Wakajibu wote, sawasawa, hata wa uani alijibu vizuri zaidi, akasema ng'ombe amempata. Binti akauliza, "Na kwa nini umerudi?" Uani kukawa kimya. Mbele, mwanamume akasema, "Kwa sababu ng'ombe nimemkosa, na sikutaka nikukose na wewe." Akamfungulia.

"Na yule wa nyuma?" mtoto mmoja akauliza gizani.

"Alibaki na sauti."

Halafu kikohozi kidogo, cha vumbi la chaki.

Nilifungua mlango, jua likaingia kama maji. Nikauliza nani kamalizia. Kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Waliangaliana, vidole vikazunguka darasa zima, mwishowe vikaja kwangu. Sayi akasema, "Si ni wewe, Mwalimu?"

Mimi sikuwa nimefumbua mdomo.

Sikuwaambia hilo. Nilisema, "Haya, kalamu." Wakaandika, Mwalimu! Ungewaona. Mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Kila mmoja kwa njia yake, mmoja ameanza na mto, mmoja na mkono wenye joto, mmoja ameanza na kimya cha uani, na zote zimefungwa vizuri. Insha za baada ya hapo zinaisha zinapotaka zenyewe. Ya mnada wa juzi imeishia kwenye redio mbovu, nikaipa alama zote kwa furaha tu.

Asubuhi iliyofuata Mzee Mboje alikuja tena, peke yake, akiwa na Sayi mbele yake. "Umenifundishia mtoto kunihoji kama polisi," akasema. Jioni alipiga hodi, na Sayi kutoka ndani akamuuliza yeye nani, katoka kuchunga nini, wapi, lini, karudi kwa njia gani. Alijibu yote huku akitukana taratibu. Halafu akaulizwa kwa nini amerudi. "Nikanyamaza, mayu. Maisha yangu yote sijaulizwa hivyo. Nikaona huyu atanilaza tena zizini. Nikamwambia, nimerudi kwa sababu uji wako hauna mabonge." Binti alicheka humo ndani, akafungua. Mzee alinisimulia hayo akitazama viatu vyangu. Akasema wabeja, asante, akamsukuma mtoto wake kidogo begani kumwingiza darasani, akaondoka haraka kabla sijamwona uso.

Kwa hiyo darasa lipo. Sayi yupo, amekaa palepale. Nami nina furaha, kweli nina furaha, nikimsikia Masunga anazima pikipiki naanza kutabasamu kabla hajashuka. Namuuliza yote sita, kila jioni. La mwisho hajalijibu mara mbili kwa namna moja. Jana alisema, "Kwa sababu ukinisubiri unasimama kwa mguu mmoja kama korongo, nami nikichelewa naogopa utaanguka."

Lakini kuna jambo.

Jumamosi iliyopita, mchana, Masunga akiwa Lamadi, nilikuwa nachambua mchele. Jua kali, kuku wametulia. Nikasikia hodi mlango wa uani. "Limi. Ng'wanawane. Nifungulie." Sauti yako. Kabisa. Na kikohozi.

Niliweka ungo chini. Nikakaa sakafuni katikati ya nyumba. Nikauliza wewe nani, na ikajibu jina lako lote, hata lile la utotoni uliloniambia mimi tu. Nikauliza ulifundisha nini, ikajibu. Wapi, ikajibu. Lini tulionana mara ya mwisho, ikajibu, ikamtaja mgonjwa wa kitanda cha pili. Ulikuwa unafunga vipi madirisha, ikacheka, ikasema, "Kuanzia la upande wa jua."

Sikuuliza la sita. Nilikupenda mno, Mwalimu, nisingestahimili kusikia sauti hiyo ikikosa jibu. Nilikaa nikalia kimya kimya mpaka kuku wakaanza tena kuparua uani, nikajua hakuna mtu.

Kama ulikuwa wewe, nisamehe. Kama ni wewe uliyetumalizia hadithi, asante, umemwokoa mtoto wako Sayi. Na kama siyo wewe, basi jua kwamba kuna kitu kinatembea huku na sauti yako, na mimi siwezi kukifukuza, kwa sababu kinaongea vizuri kama wewe.

Kwa heri, mayu wangu. Nitawafundisha jinsi ulivyonifundisha, na madirisha nitayafunga, na hakuna hadithi nitakayoiacha ikivuka kengele, hata kama Mwalimu Mkuu atasimama mlangoni na saa. Nakuahidi pia nitamleta Masunga umwone. Tutakuja Bukundi kwa pikipiki kabla mwezi huu haujaisha, mchana, tukae kaburini kwako mpaka jua ligeuke, na nitakuuliza hilo swali pale, mahali ambapo ukikaa kimya nitaelewa. Kwa hiyo usije wewe. Nakuomba. Usipige hodi kwetu tena. Nitakuja mimi.